Mali Iliyoachwa kwa Ajili ya Maskini: Funzo la Zahanati ya Kale ya Zanzibar

Mzee anapotamka mbele ya wanawe kwamba mavuno ya jaruba lake moja la mpunga yawe ya wajane na yatima baada ya kufariki kwake, nia yake ni njema, lakini hiyo bado ni nia tu. Ofisi za kata hupokea migogoro ya ardhi ya kila namna, na ahadi za mdomo za marehemu ni miongoni mwa mambo magumu kuthibitishwa.

Mfano unaofahamika sana upo Mji Mkongwe, Zanzibar, katika jengo la ghorofa lenye roshani za mbao zilizochongwa, likitazama bahari. Mwaka 1887, ulipoadhimishwa mwaka wa 50 wa utawala wa Malkia Victoria wa Uingereza, mfanyabiashara Tharia Topan alianzisha ujenzi wake ili liwe hospitali ya hisani kwa maskini. Topan alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Zanzibar wa zama zake. Alifariki mwaka 1891, jengo likiwa bado halijakamilika. Mjane wake aliendeleza kazi hadi ikamalizika, lakini hospitali aliyoikusudia mumewe haikupatikana, na mwaka 1900 jengo liliuzwa.

Bahati njema ni kwamba lilinunuliwa kwa mali ya Haji Nasser Nurmohamed, iliyotengwa kwa ajili ya hisani. Ghorofa ya chini ikawa zahanati, na kwa miongo mingi wagonjwa walihudumiwa hapo. Ndiyo sababu watu waliliita Zahanati ya Kale. Baada ya Mapinduzi ya 1964 lilitwaliwa na Serikali, likachakaa, kisha likakarabatiwa katika miaka ya 1990 na kuwa kituo cha utamaduni. Anayelitembelea leo hamkuti mganga.

Kwa Tanzania Bara, njia ya kuilinda nia ya aina hiyo ipo. Kwa wanaofuata sheria za kimila, Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 linataka wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika ushuhudiwe na watu wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye ndugu. Asiyejua kusoma anahitaji mashahidi wanne, na wosia wa mdomo vilevile wanne. Kwa Mwislamu, wosia kwa wasio warithi haupaswi kuzidi theluthi moja ya mali. Naye anaweza pia kuweka wakfu angali hai.

Wosia pekee, hata hivyo, hautoshi pale mali inapotakiwa kuhudumia watu kwa miaka mingi. Hapo wanahitajika wadhamini. Chini ya Sura ya 318, wadhamini wakisajiliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), bodi yao huwa na uhai wake kisheria: mdhamini mmoja akifariki, mali haiingii katika mirathi yake. Pale ardhi inapokuwa ya kijiji, kuhamisha hakimiliki ya kimila kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na ni vyema idhini hiyo iombwe mtoaji akiwa hai.

Lipo jambo ambalo watoaji wengi hulisahau. Jaruba lina gharama: ada ya maji, mbegu, mbolea, vibarua wa kupandikiza na kuvuna. Hati isiposema gharama hizo zitatoka wapi, msimu wa pili tu shamba laweza kukodishwa kwa mtu baki, na fedha zisijulikane zilipokwenda. Vivyo hivyo neno “maskini” lifafanuliwe: ni wajane wa kitongoji gani, yatima hadi umri gani, na nani atawachagua.

RITA hupokea pia wosia kwa ajili ya kuuandika na kuuhifadhi. Wakazi wa Ubaruku wanaokusudia kutoa mali kwa namna hii waanzie kwa Mtendaji wa Kata au Afisa Maendeleo ya Jamii, wakiwa na nyaraka za umiliki na, inapowezekana, wakifuatana na wenza wao.