Sweta Linalokua Pamoja na Mtoto

Mji wa Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku wake haimwulizi mtu cheo chake. Askari aliyehamishwa kutoka nchi ya joto huja na jamaa yake wakiwa na nguo nyepesi, na juma la kwanza watoto hulala wamejikunyata. Katika nyanda hizo sweta si pambo. Ni sehemu ya matumizi ya nyumba kama sukari na mafuta ya taa, na mtoto mmoja katika miaka mitatu huweza kumaliza masweta matatu, si kwa kuyachakaza bali kwa kuyapita kimo.

Mke wa sajini mmoja wa polisi, mama wa watoto wanne, alikutana na hesabu hiyo mara tu mumewe alipopelekwa huko. Kufuma alikuwa amekujua tangu shuleni, katika masomo ya kazi za mikono, kisha akakuacha. Alikurudia kwa ajili ya kupitisha jioni, kwa sindano mbili zilizochongwa kutokana na spoku za baiskeli. Sindano za namna hiyo zina unene wa milimita 2 hivi, nazo hutoa kitambaa kilichobana sana. Zafaa kwa soksi. Kwa sweta huchosha mikono na kula sufu nyingi. Hilo alilijua baadaye.

Sweta lake la kwanza kwa mwanawe mkubwa lilifumwa kwa kukisia. Lilipokamilika, kichwa cha mtoto kilipita kwa shida na mikono ikaishia katikati ya kiwiko na kifundo. Kazi ya majuma sita ilifumuliwa kwa jioni moja. Lakini kufumua huko ndiko kulikomfundisha jambo ambalo wafumaji wengi hulitazama bila ya kuliona: nguo iliyofumwa kwa sindano hufumuka kwa urahisi kutoka mwisho, mahali vitanzi vilipofungiwa, kutoka mwanzo wake hukataa. Sasa, masweta mengi huanzwa kwenye pindo la kiunoni na kumalizwa shingoni. Mwisho uko shingoni. Mtoto naye haongezeki shingoni, huongezeka kiwiliwili na mikono. Kwa hiyo sweta la kawaida hufunguka pale pasipohitajika, na pale panapohitajika limefungwa daima.

Aliona basi kwamba likianzwa shingoni na kushuka, miisho yote mitatu, yaani pindo la kiunoni na vifundo viwili vya mikono, itakuwa chini. Mtoto akirefuka, pindo hufunguliwa, vitanzi hurudishwa kwenye sindano, na sentimita 4 au 5 huongezwa kwa jioni chache. Njia hii si uvumbuzi wake, na wafumaji wa nchi nyingi huitumia. Ila yeye aliifikia kwa kufikiri mwenyewe juu ya kazi iliyoharibika, na jambo hilo lina heshima yake.

Lililobaki lilikuwa vipimo. Hapa alisaidiwa na kurasa chache zilizonakiliwa alizopewa na muuguzi mmoja, zenye kanuni ya Elizabeth Zimmermann. Bibi huyo alizaliwa Uingereza mwaka 1910, akahamia Marekani mwaka 1937, akaishi katika jimbo la Wisconsin na kufuma, kufundisha na kuandika hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1999. Kitabu chake cha mwaka 1971, Knitting Without Tears, kiliwaambia wafumaji waache kuwa watumwa wa vielelezo vilivyochapwa na badala yake wapime na kugawa. Kanuni yenyewe ni asilimia tu. Idadi ya vitanzi vinavyozunguka kifua ndiyo mia kamili. Kifundo cha mkono huchukua asilimia 20, sehemu ya juu ya mkono theluthi moja, na shingo asilimia 40.

Mwanawe mkubwa alikuwa na kifua cha sentimita 65. Mama akaongeza 10 za nafasi, kwa kuwa upana hauongezeki baadaye kama urefu, hata ikawa 75. Kwa sindano nene alizonunua, kila sentimita 10 za kitambaa chake zilikuwa na vitanzi 20. Basi kifua kizima vitanzi 150, vifundo 30, juu ya mkono 50, shingo 60. Zimmermann katika mpango wake alianzia chini na kupanda. Mke wa sajini aliugeuza juu chini, na tarakimu hazikulalamika. Akaanza na vitanzi 60 vya shingo, akaweka mistari minne ya mshazari kuelekea makwapani, na kila baada ya mzunguko mmoja akaongeza kitanzi kimoja kila upande wa mistari hiyo, yaani vitanzi 8 kwa pamoja.

Kabla ya hayo yote alifuma kipande kidogo cha kupimia, cha sentimita 15 kila upande, akakifua, akakianika, ndipo akahesabu. Wengi huona kipande hicho kuwa upotevu wa sufu na saa. Na watazame hesabu hii: kama mkono wake ungebana kidogo, vikawa vitanzi 23 badala ya 20 katika sentimita 10, vitanzi vilevile 150 vingetoa sweta la sentimita 65, sawasawa na kifua cha mtoto, bila nafasi hata ya shati ndani yake. Vitanzi 3 tu ndivyo vinavyotenga sweta na kitambaa cha kufumua. Kipande chapaswa kufuliwa pia, kwa maana sufu hulegea au kujikusanya ikiona maji, na kipimo cha uzi mkavu kinaweza kudanganya.

Sufu mpya ni ghali, naye huipata katika masweta kuukuu ya sokoni, yale ya mitumba ambayo Uganda huitwa mivumba. Kabla ya kununua hupindua nguo na kutazama mishono ya mbavuni. Ikiwa kando ya kitambaa ni vitanzi vizima vilivyoungwa, uzi utafumuka mrefu. Ikiwa kando imekatwa kwa mkasi na kushonwa na cherehani kwa nyuzi nyingi za kuzuia kuchanika, atapata vipande vifupi visivyofaa, na hulirudisha. Uzi ukifumuliwa huwa umejikunja kama tambi. Huzungushwa kwenye mgongo wa kiti, hufungwa mahali panne, huoshwa kwa maji ya vuguvugu na kutundikwa ukiwa na uzito mdogo chini hadi ukauke.

Hutaka pia kujua ni uzi wa namna gani. Kwa hiyo kipande kifupi huchomwa juu ya sahani, mbali na watoto. Sufu ya kondoo hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayovunjika kwa vidole. Akriliki huyeyuka na kuacha shanga nyeusi ngumu. Akriliki haina aibu, hufuliwa kwa urahisi na ni nafuu, lakini pasi ya moto huilegeza isirudi tena, na ikishika moto huganda kwenye ngozi. Haifai kuvaliwa karibu na jiko. (Nalo jambo hili lisemwe wazi: sweta la sare la baba, hata likiwa na matundu viwikoni, ni mali ya serikali na halifumuliwi. Mama huyo hakuwahi kuligusa ila kwa kulitia viraka.)

Si majaribio yote yaliyokwenda vizuri. Sweta moja zuri la sufu lilifuliwa kwa maji ya moto na sabuni na kusuguliwa kwa bidii. Unyoya wa kondoo una magamba madogo sana. Joto, sabuni na msuguano huyafanya yashikane, na kitambaa hujikusanya bila ya kurudi. Likatoka nene kama blanketi na dogo kama la mwanasesere. Baada ya siku mbili za huzuni akatambua kwamba kitambaa hicho hukatwa kwa mkasi bila ya kufumuka. Akashonea mumewe mfuko wa chupa ya maji, kama ile ya sufu iliyovishwa chupa za maji za majeshi mengi; mfuko huo ukiloweshwa, maji ya ndani hupoa kadiri unavyokauka. Mabaki yakawa nyayo za ndani za viatu vya mtoto mdogo. Jaribio la rangi lilikuwa rahisi zaidi. Maganda makavu ya vitunguu, yaliyochemshwa pamoja na shabu kidogo, yaliipa sufu nyeupe rangi ya manjano yenye wekundu. Akriliki katika chungu hichohicho ilitoka karibu kama ilivyoingia.

Wanaume wanaocheka kuona mwenzao ameshika sindano huenda hawajui jinsi jeshi lilivyoacha majina katika kazi hii. Mshazari wa mkono aliotumia mama huyo huitwa raglan, kwa jina la Lord Raglan, aliyepoteza mkono wa kuume huko Waterloo mwaka 1815 na baadaye kuyaongoza majeshi ya Uingereza katika vita vya Krimea. Sweta la vifungo mbele huitwa cardigan kwa jina la Lord Cardigan, aliyeongoza shambulio la wapanda farasi huko Balaklava mwezi Oktoba 1854. Na kofia ya sufu inayofunika uso hadi shingoni hubeba jina la mahali hapohapo. Majina matatu ya vita kimoja. Makamanda hao walipata umaarufu wa nguo, huku waliokaa na kufuma hawakuandikwa popote.

Sajini mwenyewe sasa hufuma mistari iliyonyooka akiwa hayupo zamu, na soksi moja ameimaliza. Ya pili inasubiri likizo.

Sweta la mwana mkubwa lilianza akiwa darasa la tano. Limekwisha kurefushwa mara mbili, sentimita 5 kila mara, na mikono sentimita 4. Ukilitazama karibu utaona mahali uzi uliokaa sandukuni ulipokutana na uzi uliofuliwa: pindo ni la kijani kibichi zaidi kuliko kifua. Mtoto alilalamika kwamba wenzake wataona, mama akamjibu kwa kumvalisha. Mwaka huu yuko darasa la saba, nafasi ya kifuani imekaribia kwisha, na mdogo wake amekwisha kupimwa. Kifua chake ni sentimita 61.