Akikuomba Leseni Yako "Kwa Muda Tu", Soma Hii Kwanza

Leo sisemi kuhusu picha wala matangazo. Nataka tuongelee ile karatasi ya halmashauri uliyoibandika ukutani, au wengine mnayo kwenye simu tu.

Kuna dada hapa Pugu anauza vifaa vya simu mtandaoni. Alikuja dukani kwangu kuniuliza: kuna mgeni, si raia, ana mzigo Kariakoo. Anataka leseni iwe ya jina la dada, TIN ya dada, na yeye atamlipa laki tatu kila mwezi. Kazi ya dada ni kukaa tu. "Mdogo wangu, hiyo si hela ya bure?"

Nikamwambia tupige hesabu. Laki tatu kwa mwaka ni milioni 3 na laki 6. Mwishoni mwa Julai 2025 ilitoka amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, ikataja biashara 15 ambazo asiye raia hapewi leseni, na aliyekuwa nayo haihuishiwi. Humo kuna kuuza bidhaa jumla na rejareja (supamaketi wameachwa), uwakala wa pesa za simu, ufundi simu, kusafirisha vifurushi, udalali. Yaani kazi zetu hizi hizi. Mgeni akikutwa anazifanya, faini yake haipungui milioni 10 au jela mpaka miezi 6, na kibali cha kuishi kinafutwa. Mtanzania aliyemsaidia naye katajwa: milioni 5 au miezi 3. Hapo laki tatu za mwaka mzima zimekwisha na bado unadaiwa.

Na hiyo ni faini tu. Mauzo yote yanasomeka kwenye TIN yako, kwa hiyo deni la kodi ni lako. Mwakani ukienda kuomba leseni ya biashara yako mwenyewe, unatakiwa uonyeshe cheti cha TRA kwamba kodi zako ziko sawa. Huna, basi leseni hakuna. Mzigo ukiwa feki na FCC wakaja, jina la kwanza wanaloliona ukutani ni la kwako. Mwenye mzigo hata namba yake ya simu huna uhakika nayo.

Wenzetu wa famasi wana jina la mchezo huu: kukodisha cheti. Famasi inatakiwa iwe na mfamasia msimamizi, basi unakuta cheti kimetundikwa Dar, mwenyewe yuko mkoani. Baraza la Famasi, kwa Sheria ya Famasi ya 2011, linaweza kumsimamisha au kumfuta kabisa kwenye daftari. Mtu kasoma miaka yote ile! Mimi nimeishia sekondari, lakini hata mimi naona hapo kapata hasara.

Kuna wanaosema, mimi simpi mgeni, nampa binamu yangu. Sawa, ni raia, ila leseni ni ya mtu fulani, biashara fulani, sehemu fulani. Yako imeandikwa nguo Pugu, yeye anauza vipodozi Gongo la Mboto, hiyo haimkingi. Tena vipodozi tangu Julai 2019 viko chini ya TBS, na cream yenye zebaki au haidrokwinoni haikubaliki hata uwe na leseni kumi. Msaidie binamu aombe ya kwake kwenye mfumo wa Tausi: namba ya NIDA, TIN, mkataba wa fremu. Sisi wa Pugu, pamoja na umbali wote huu, tuko Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, usimpeleke Temeke.

Jambo la mwisho, na hili nalikuta sana kwenye magrupu ya WhatsApp. Mteja akitaka kuhakikisha wewe si tapeli, usimtumie picha ya leseni na TIN ikiwa safi kabisa. Andika juu yake kwa kalamu jina la mteja na tarehe, ndipo upige picha. Kama nakala zako zilishazunguka, pita ofisi ya TRA ukaulize ni biashara zipi ziko kwenye TIN yako.