Safari ya kumuaga biarusi: nani ahesabiwe kwanza?

Imekuwa ni ada sasa, si kwa watu wa Nairobi peke yao bali hata hapa kwetu Mombasa, kwamba msichana aliyeposwa na siku ya nikaha yake ikakaribia, huchukuliwa na wenzake wa rika moja wakaenda naye mji wa ufuoni kwa siku mbili tatu. Hulala huko, wakala, wakaogelea, wakapiga picha, ndipo akarudishwa kwao aingie ndani. Wazungu wana jina lao la jambo hili, na vijana wetu hulitamka kama walivyolisikia. Mimi nitaliita safari ya kumuaga biarusi. Naandika kumuaga, si kumwaga, ijapokuwa aghalabu fedha ndizo zimwagwazo.

Wako wazee wasemao kuwa haya ni uzungu mtupu. Siafikiani nao moja kwa moja. Wanawake wa mwambao walikuwa na mandari yao tangu zamani. Wakitoka mjini na masufuria ya pilau, mabirika ya kahawa, mikeka na vikapu vya maembe, wakaenda mashambani au ufuoni, watoto wakiwafuata nyuma, wakashinda huko hadi alasiri. Na biarusi alikuwa na somo wake wa kumfunda, akasuguliwa singo ya liwa na waridi, akatiwa hina na piko, akatungiwa vikuba vya asumini, na vugo likapigwa usiku kucha. Hayo yote yalikuwa ni kumuaga. Lililogeuka ni moja: mandari ilikuwa ya kwenda na kurudi, na hii ya sasa inalala. Kulala ndiko kunakokula fedha.

Wala tusidanganyane kwamba bibi zetu hawakuijua israfu. Vyama vya lelemama vya Mombasa, kina Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa mavazi, kwa ngoma na kwa karamu. Margaret Strobel, Mmarekani ambaye kitabu chake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa kilitoka mwaka 1979, ameeleza namna mashindano ya vyama hivyo yalivyokula mali. Tofauti ni kwamba hasara ya lelemama mtaa mzima uliiona, na watu wakaisema. Hasara ya leo imo ndani ya simu ya mtu mmoja, na mwenyewe hathubutu kuinena.

Hapo ndipo penye uzito. Chukua mfano wa msichana wa mtaani petu, mwuza nguo katika duka la mtu. Shoga yake wa tangu chuoni aliposwa. (Neno hili shoga wanawake wa pwani waliitana kwa mapenzi na heshima kabla halijaharibiwa maana, nami sitaliacha.) Wenzake wanane wakafungua kundi la simu, na usiku ule ule ikatajwa nyumba yenye bwawa la kuogelea, nguo za rangi moja, mpiga picha na mashua. Kila mmoja akatakiwa alete shilingi 15,000. Waliokuwa na kazi nzuri wakajibu kwa furaha. Yeye akanyamaza siku mbili, kisha akakopa kwa simu, kwa riba, akalipa. Arusi ikapita, mimba ya kwanza ikaingia, na yeye bado akilipa deni la siku tatu za ufuoni. Biarusi mwenyewe hakuambiwa hata leo. Wengine hawakopi, husema wana udhuru wa kazini, wakajitenga, na urafiki wa miaka 15 ukafa pasi na ugomvi wowote.

Kwa hivyo maoni yangu ni kuwa hesabu ya safari hii ianzwe kwa mwenye uwezo mdogo kabisa, kabla haijatajwa nyumba wala mji. Mmoja mwenye busara awaulize wote faragha, mmoja mmoja, si mbele ya kundi: bila ya kukopa, unaweza kutoa kiasi gani? Kile kiasi kidogo kuliko vyote ndicho kiwe kima cha safari, na wala asitajwe aliyekisema. Kikiwa ni shilingi 2,000, basi ni mandari ya siku moja, na mandari haina aibu.

Tuchukue mfano wa wasichana wanane, biarusi akiwa mmoja wao, nao ni watu wa Mombasa waendao Diani kwa masiku mawili. Tuseme wamepata nyumba ya vyumba vitatu kwa shilingi 12,000 kwa usiku: hizo ni 24,000. Chakula cha kupika wenyewe 10,500. Nauli za matatu na tuktuk 3,500. Hina na vifaa vya singo 4,000. Jumla ni 42,000. Biarusi hatozwi, basi wabebao ni saba, na kila mmoja ni 6,000. Sasa ongeza nguo ya sare ya 3,000 na mpiga picha wa 2,000 kwa kila mtu, na ile 6,000 imekuwa 11,000, ilhali hakuna aliyekula tonge zaidi wala kulala pazuri zaidi. Na akijitoa mmoja dakika ya mwisho, nyumba haipungui bei. Mzigo huwaangukia sita waliobaki. Ndiyo sababu ya kutaka fedha zikusanywe kwanza, kidogo kidogo kwa miezi mitatu, kama kiwango cha chama, ndipo nyumba ishikwe.

Watokao Nairobi wana nauli kubwa zaidi. Gari moshi la Madaraka, lililoanza kubeba abiria mwaka 2017, lilipandishwa nauli Januari 2024, daraja la kawaida kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na daraja la kwanza kutoka 3,000 hadi 4,500. Kwa watu wanane kwenda na kurudi, tofauti ya madaraja hayo mawili ni shilingi 48,000, yaani inazidi safari nzima niliyoihesabu hapo juu. Nafasi za mwisho wa juma hujaa upesi, basi zikatwe mapema. Na kwa kuwa stesheni iko Miritini, aendaye Diani anaweza kupitia barabara ya Dongo Kundu, asiingie mjini wala asipange foleni ya feri ya Likoni.

Juu ya mji wa kwenda, Diani una mchanga mweupe na nyumba nyingi za kukodi, na wingi huo ndio unaokupa nafasi ya kuomba kupunguziwa. Watamu ni mzuri kwa apendaye kutazama samaki na matumbawe, kwani hifadhi yake ya bahari, pamoja na ile ya Malindi, iliwekwa tangu 1968. Malindi yenyewe naipenda kwa sababu ni mji wa watu: kuna soko, kuna misikiti, kuna mahamri na mbaazi alfajiri kwa bei ya mwananchi, na mwanamke wa buibui hatazamwi kama kioja. Lamu ni tamu kuliko zote, lakini basi la Mombasa hula sehemu kubwa ya siku, kisha Mokowe uvuke kwa mashua. Kwa siku mbili hutaifaidi. Ngoja upate siku nne.

Wakati nao una bei. Disemba, Pasaka na Agosti nyumba hupanda. Mei na Juni, mvua za masika zinaponyesha na wageni kuondoka, hushuka sana, ila uwe tayari kwa kusi, bahari iliyochafuka na mwani ufuoni. Kwetu sisi arusi hukimbilia Shaaban kabla ya kufunga, au Mfunguo Mosi baada ya Idi, na kwa kuwa mwaka wetu hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa jua, ziko enzi arusi zetu huangukia msimu wa ughali na ziko enzi huangukia msimu wa rahisi. Anayepanga atazame kalenda zote mbili.

Na jambo wasahaulo hata watoto wa pwani: maji. Watu husafiri, wakaamka asubuhi wakitaka kuogelea, wakakuta bahari imekwenda mwambani. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu na zile chache zifuatazo, maji hupwa mno baina ya saa tatu na saa sita za mchana, yakajaa jioni. Hizo ni siku nzuri za kutembea juu ya mchanga na kuokota kombe, na kuogelea kungoje alasiri. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari haiendi mbali. Mwenye kuhesabu tarehe za Kiislamu hahitaji kitabu cha kupwa na kujaa. Atazame tu leo ni mwezi ngapi.

Nyumba isishikwe kwa picha. Matapeli huchukua picha za nyumba ya mtu, wakaitisha arubuni kwa simu, na siku ya siku mnafika langoni mlinzi hawajui. Kila ukoo wa Mombasa una shangazi au binamu Ukunda au Malindi. Apelekwe akaione nyumba, azungumze na mwangalizi wake, aulize maji ya bomba yapo na umeme unalipwa na nani. Kwa wasichana wetu liulizwe na la ukuta: je, ua umezungukwa, wanaweza kukaa bila ya mitandio pasi na kuchunguliwa? Nyumba ya nyuma, mwendo wa dakika kumi kutoka ufuoni, yenye ua wake, ni rahisi kuliko ile ya mbele na kwa sitara ni bora. Ufuoni kwenyewe waende baada ya alfajiri, pamoja, wala usiku wasitoke mmoja mmoja.

Chakula wapike. Samaki anunuliwe kwa wavuvi madau yanaporudi, mchele na nazi zitoke nyumbani, na siku moja tu wale nje. Usiku wa pili ndio wa hina. Hapa namtetea yule mwenye mkono mtupu na kidole chenye sanaa: akijua kupaka hina, kusuka asumini au kupika biriani ya kutosha watu wanane, kazi yake ihesabiwe kuwa mchango wake. Zamani ndivyo ilivyokuwa. Mwenye ng'ombe alileta maziwa, na mwenye sauti alileta sauti.

Na somo je? Nimesikia wasichana fulani walimchukua somo wa biarusi, bibi wa miaka zaidi ya sitini, wakamlipia, akakaa nao siku zote mbili. Wazazi wakatoa ruhusa bila ya mabishano, na usiku ukapita kwa mafundisho na kicheko ambacho sisi wanaume hatuna haki ya kukijua.

Mweka fedha awe mmoja, na kila risiti aipige picha aiweke kwenye kundi siku ile ile. Zikibaki shilingi mia tano au elfu moja, zisigeuzwe keki ya njiani. Zigawanywe kwa waliotoa, sawasawa, kabla matatu haijafika Likoni.