Piloti Kijana Atachagua Kompanyi Gani?



Juma lililopita tuligawa karatasi za orientasio katika darasa la mwisho. Kila mmoja aliandika kazi anayotaka kufanya akipata diploma ya serikali. Wengi waliandika daktari, wengine avoka, wengine mchungaji. Dada mmoja wa Hesabu na Fizika aliandika neno moja tu: PILOTI. Wakati wa kukusanya karatasi, kijana mmoja akaisoma kwa sauti, na watu wakaanza kucheka. Mwingine akamwuliza: "Na ukishajua kurusha ndege, utatumika ku kompanyi gani?" Yeye akajibu: "Ile yenye kulipa feza mingi." Wakacheka tena.

Sisi tuliopewa kazi ya kusimamia wanafunzi tulinyamazisha kelele, lakini swali lile halikutuacha. Swali lilikuwa zuri kupita kicheko chao. Na jibu, tuseme kweli, lilikuwa baya. Ndiyo sababu tunaandika ukurasa huu. Tumechukua mfano wa Marekani, kwa sababu kule njia ya piloti anayeanza kazi imepangwa wazi, hatua kwa hatua. Kisha tutarudi kwetu.

KOMPANYI ZA MIKOA

Marekani kuna kompanyi kubwa za ndege kama American, Delta na United. Ndege zao kubwa zinaunganisha miji mikubwa. Lakini mtu wa mji mdogo naye anataka kusafiri. Kwenda kumchukua hutumwa kompanyi ya mkoa: SkyWest, Republic, Envoy, Endeavor, PSA, Piedmont na nyingine. Hizi zinarusha ndege ndogo, nyingi za viti 50 mpaka 76. Ndege imepakwa rangi ya kompanyi kubwa, tiketi inauzwa na kompanyi kubwa, lakini piloti ni mfanyakazi wa ile ndogo. Msafiri anafikiri amepanda Delta, kumbe wanaomrusha ni watu wa Endeavor.

Hesabu ile ya viti 76 ina sababu yake. Sindika za mapiloti wa kompanyi kubwa ziliandika katika kontra zao kwamba ndege kubwa kupita hapo zirushwe na wao wenyewe, ili kazi yao isipewe watu wa mshahara mdogo. Basi kompanyi ya mkoa ni kama ngazi: piloti kijana anaingia pale, anajifunza, na wengi wanatumaini kupanda juu.

MASAA 1,500

Kule mtu anaweza kupata cheti cha kurusha ndege kwa mshahara akiwa na masaa kama 250 ya angani. Lakini tangu mwaka 2013 hayo hayatoshi kuingia katika kompanyi ya mkoa. Kwa kawaida sheria inataka masaa 1,500. Aliyesoma urubani katika chuo kikuu kilichokubaliwa na kupata shahada anaweza kuingia na 1,000, na aliyetoka jeshini na 750.

Masaa hayo yanatoka wapi? Wengi wanayapata kwa kufundisha wanafunzi wengine wa urubani. Fanyeni hesabu pamoja nasi: 1,500 toa 250, inabaki 1,250. Tuseme mwalimu anaruka masaa 60 kwa mwezi. Atahitaji karibu miezi 21, yaani miaka miwili kasoro kidogo. Wakati huo wote deni la masomo linamngoja. Kwa hiyo akifika mbele ya mlango wa kompanyi anataka kuingia mlango wowote uliofunguka. Hapo ndipo makosa yanaanza.

NAMBA YAKO KATIKA MSTARI

Jambo la kwanza la kufahamu ni hili: katika kompanyi hizo, kila piloti ana namba. Namba hiyo inafuata tarehe aliyoanza kazi. Haifuati akili, wala umri wa masaa yake, wala jina la baba yake.

Sisi wa internati tunajua jambo hili. Aliyefika wa kwanza mwanzo wa mwaka anachagua kitanda karibu na dirisha. Aliyefika wa mwisho analala karibu na mlango, kila anayetoka usiku anamkanyaga. Kwa piloti, namba ndiyo inayochagua: mji gani atakuwa na kituo chake, siku gani za konje atapata, ndege gani atarusha, lini atakuwa kapiteni. Kazi ikipungua na watu wakisimamishwa, wanaanza na wale wa mwisho wa mstari.

Na sasa sikieni neno gumu. Piloti akitoka kompanyi moja kwenda nyingine, namba yake haimfuati. Hata kama amekuwa kapiteni miaka kumi, kule anaanza mkiani. Ndiyo maana kuchagua kwa haraka na kusema "nitabadilisha kesho" ni kosa la bei kali. Na kungojea sana nako ni hasara, sababu kila mwezi unaokaa nje, wengine wanaingia mbele yako.

Namba mpya pia ina kazi yake ya pekee, kungojea. Piloti mpya anawekwa akiba. Simu ikilia anakwenda, isipolia anabaki. Hawezi kuahidi kwamba atakuwa kwenye ndoa ya ndugu yake.

FEZA

Sasa tufike kwenye jibu la dada yetu. Zamani mishahara ya kompanyi za mikoa ilikuwa midogo sana. Kisha mapiloti wakapungua, na katika mwaka 2022 kompanyi tatu za mali ya American, yaani Envoy, PSA na Piedmont, zikapandisha mshahara wa piloti mpya kufika dola 90 kwa saa.

Mtu akisikia dola 90 kwa saa anazidisha kwa masaa ya siku nzima, anajiona tajiri. Sivyo. Wanalipa saa ya kuruka. Kukaa kiwanjani kungojea mvua ipite, kulala katika mji wa watu, mengi ya hayo hayahesabiwi. Kompanyi nyingi zinaahidi kima cha chini, karibu masaa 75 kwa mwezi. Basi 75 mara 90 ni dola 6,750, mbele ya kodi, deni na nyumba. Ni feza nyingi, hatukatai. Lakini sehemu ya nyongeza ile ya 2022 ilitangazwa tangu mwanzo kuwa ya muda. Na kompanyi nyingine hutoa zawadi ya kuingia kwa sharti la kukaa miaka kadhaa, ukitoka mbele ya wakati unairudisha. Zawadi yenye kamba si zawadi kamili. Soma kontra mpaka mstari wa chini.

USINGIZI

Tarehe 12/2/2009, usiku, ndege ya kompanyi ya mkoa iliyoitwa Colgan Air ilitoka Newark kwenda Buffalo, ikiwa na jina la Continental ubavuni. Karibu na Buffalo mwendo wake ulipungua mno, mitambo ikamwonya kapiteni, naye akavuta usukani badala ya kuusukuma mbele. Ndege ikaanguka juu ya nyumba. Wote 49 waliokuwa ndani walikufa, pamoja na mtu mmoja aliyekuwa katika nyumba ile.

Uchunguzi ulionyesha mambo mengi. Kapiteni alikuwa ameshindwa mitihani kadhaa ya urubani katika safari yake ya kazi. Piloti wa pili, mwanamke wa miaka 24, alikuwa anaishi upande wa Seattle, mwisho mwingine wa nchi, na kituo chake kilikuwa Newark. Usiku uliotangulia alivuka Marekani nzima katika ndege za mizigo ili afike kazini. Hakulala kitandani.

Watu wanasema sheria ya masaa 1,500 ilitoka katika msiba huo, na ni kweli. Lakini tazameni: mapiloti wote wawili walikuwa wamekwisha kupita masaa 1,500. Masaa peke yake hayakuwaokoa. Walikosa mafundisho ya kutosha na usingizi. Kwa hiyo tangu Januari 2014 sheria nyingine inataka piloti apate angalau masaa 10 ya kupumzika mbele ya kazi, na nafasi ya kulala masaa 8 bila kusumbuliwa. Tena akisema "nimechoka, siwezi", kompanyi hairuhusiwi kumrusha.

Sheria haiwezi kumhamisha mtu karibu na kituo chake. Hilo ni la kuchagua. Kompanyi yenye dola chache lakini kituo chake ni mji unaolala mwenyewe inaweza kukupa maisha kupita ile yenye dola nyingi upande wa pili wa nchi.

KOMPANYI NAYO INAWEZA KUFA

Jambo lingine: kompanyi ya mkoa haiuzi tiketi zake, inaishi kwa kontra ya mkubwa. Mkubwa akiondoa kontra, kazi imekwisha. Comair ilikuwa mali ya Delta yenyewe, na ilifungwa mwezi wa tisa 2012. Katika mwezi wa nne 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Compass na Trans States zilifungwa mwezi mmoja. Piloti aliyekuwa na namba nzuri mle aliamka hana namba yoyote.

Kompanyi inayorushia wakubwa wengi, kama SkyWest, inaegemea miti mingi. Ile ya mkubwa mmoja ina mti mmoja, lakini pengine ina mlango: Envoy, PSA na Piedmont zina mapatano ya kupitisha mapiloti wao kwenda American kwa kufuata namba. Ni vizuri, ila mkubwa asipoajiri, mstari wote unasimama.

NA KWETU?

Mtu atasema: "Hayo ni ya Wamarekani, weye unatuambia nini?" Tunajibu hivi. Kwetu huku ndege si starehe. Barabara ikikatika, mgonjwa, mwalimu na dawa vyote vinangojea ndege ndogo. Wengi wetu tumeona ndege za MAF zikifanya kazi hiyo. Lakini tangu mwaka 2006 kompanyi za inchi yetu zinakatazwa kuruka katika anga ya Umoja wa Ulaya, kwa sababu ya mashaka juu ya usalama.

Goma wanajua uzito wa neno hilo. Tarehe 15/4/2008 ndege ya DC-9 ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa njia, ikaingia kartie ya Birere, penye soko. Tarehe 24/11/2019 ndege ndogo iliyokuwa inakwenda Beni ilianguka katika kartie ya Mapendo punde tu ilipoondoka. Mara zote mbili walikufa watu ambao hawakununua tiketi. Walikuwa sokoni kwao, nyumbani kwao. Basi kuchagua kompanyi si shauri la piloti peke yake.

Wengi wetu tumeona pia jambo hili kwenye kiwanja kidogo. Ndege imekwisha kujaa, anafika mkubwa mmoja na magunia mawili: "Piloti, tia tu, si kitu!" Kijana wa miaka 25 atajibu nini, kama bosi wake ndiye aliyeuza nafasi ile? Akikubali, anaweza kuua. Akikataa, pengine kesho hana kazi. Ndiyo maana tunasema kompanyi nzuri ni ile ambayo ndani yake mtu mdogo anaweza kusema HAPANA na kesho yake arudi kazini.

MASWALI MATANO YA KUULIZA

1. Nani atanifundisha, na nikishindwa mtihani mara ya kwanza watanisaidia au watanificha?
2. Kituo changu kitakuwa wapi, na nitalala wapi usiku wa mbele ya kazi?
3. Nitakaa muda gani mbele ya kuwa kapiteni, na mlango wa kupanda juu uko wapi?
4. Kompanyi hii inaishi kwa kontra ya nani, na kontra itaisha lini?
5. Piloti wa mwisho aliyekataa kuruka, alifanyiwa nini?

Mshahara uulizwe pia, bila shaka. Lakini uwe swali la sita. Na swali la tano msimwulize mkurugenzi. Waulizeni mapiloti wenyewe, wakati wanakunywa chai.

Kwa wadogo wetu wanaotaka njia hii: shikeni Hesabu na Fizika, na msidharau Kiingereza, sababu piloti wa safari za kimataifa lazima apite mtihani wa Kiingereza cha redioni, hata kama anatoka inchi ya Kifaransa.

Bwana Yesu alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba inafaa akae kwanza na kuhesabu gharama. Dada yetu amefanya vile. Tulipomwonyesha ukurasa huu mbele ya kuupiga kwenye mashine, aliomba karatasi yake ya orientasio. Hakufuta neno PILOTI. Aliandika chini yake yale maswali matano, kisha akamwendea yule kijana aliyemcheka, akamwuliza: "Na weye uliyeandika daktari, utatumika ku hospitali gani?"

Mpaka leo hajamjibu.