Kundi Jipya la Wadudu Hutambuliwaje? Mbawakawa wa Ardhini na Vichaka vya Itigi

Mkiwa, katika Mkoa wa Singida, ndipo barabara iendayo Itigi, Rungwa na hatimaye Mbeya inapoachana na barabara kuu ya kutoka Manyoni kwenda Singida. Upande huo wa Itigi kuna uoto wa pekee, yaani vichaka vizito vya miti mifupi inayopukutisha majani wakati wa kiangazi, ambavyo vinafanana tu na vile vya kaskazini mwa Zambia, karibu na Sumbu. Vichaka hivyo huota kwenye udongo wa kichanga wenye tabaka gumu chini yake, udongo unaolowa wakati wa mvua za msimu mmoja, kati ya Novemba na Aprili, kisha ukakauka na kushikamana kiangazi chote. Mimea yake imechunguzwa tangu enzi ya Tanganyika, na mmoja wake, Baphia burttii, unabeba jina la Bernard Burtt, mtaalamu wa mimea aliyefariki mwaka 1938. Wadudu watambaao chini ya mimea hiyo hawajaangaliwa kwa makini ya kiasi hicho, na kwa anayejali elimu ya viumbe hilo ni pengo kubwa.

Miongoni mwa wadudu wanaostahili kutafutwa mahali kama hapo ni mbawakawa wa ardhini, ambao kitaalamu huitwa familia ya Carabidae. Familia ni daraja la uainishaji linalokusanya jenasi kadhaa zenye asili moja, na jenasi nayo hukusanya spishi zilizo karibu kinasaba. Spishi za familia hii zilizokwisha kupewa majina duniani hukaribia 40,000. Wengi wao ni wawindaji wa usiku wenye miguu mirefu ya kukimbilia na mataya yaliyoelekea mbele. Mtaalamu hawatambui kwa rangi wala kwa ukubwa, bali kwa alama ambazo huonekana vizuri chini ya hadubini: vipapasio vinavyoota kati ya macho na mataya, kijiungo kilichotuna kwenye shina la mguu wa nyuma, shina la mguu huo linalokatiza pingili ya kwanza ya fumbatio, na pengo dogo lenye vinyweleo kwenye mguu wa mbele ambamo mdudu hupitisha kipapasio ili kukisafisha.

Rangi na umbo la jumla hudanganya, na historia ya jenasi Paussus inaonyesha udanganyifu huo kuliko mfano mwingine wowote. Linnaeus aliipa jenasi hiyo jina mwaka 1775, na kwa kuwa wadudu wake huishi ndani ya viota vya sisimizi na wana vipapasio vilivyovimba kwa namna ya ajabu, wataalamu wa baadaye waliwatengea familia yao peke yao. Maumbile yao yalipochambuliwa kwa kina, hasa tezi za kujihami zilizo kwenye ncha ya fumbatio, ilidhihirika kuwa ni mbawakawa wa ardhini waliobadilishwa na maisha ya kukaa na sisimizi, na leo wamo ndani ya Carabidae wakiwa familia ndogo.

Tezi hizo zinastahili maelezo zaidi, kwa sababu kemia imekuwa ushahidi wa uainishaji sawa na vinyweleo na miguu. Mbawakawa wakubwa weusi wa jenasi Anthia, ambao mara nyingi wana madoa meupe na hutembea katika nyika kavu za Afrika, hurusha asidi ya fomiki. Wengine, kama Stenaptinus insignis wa Kenya, huchanganya haidrojeni peroksaidi na kemikali ziitwazo haidrokwinoni katika chumba chenye vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mmenyuko, na mchanganyiko huo hulipuka ukatoka ukiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kuwa mdudu wa namna hiyo hatoi mkondo mmoja mfululizo, bali mipigo ipatayo 500 kwa sekunde. Kwa kuwa Paussus na jamaa zake nao hurusha kemikali za moto, wataalamu wamebishana kwa muda mrefu iwapo uwezo huo ulizuka mara moja au mara mbili katika familia hii, na jibu la swali hilo ndilo linaloamua matawi ya ukoo yachorwe vipi.

Sababu ya kutarajia spishi za mahali pamoja tu imo katika mabawa. Mbawakawa wengi wa ardhini wamepoteza mabawa ya kurukia, na kwa baadhi yao, wakiwamo Anthia, yale mabawa magumu ya juu yameungana kabisa, hivyo mdudu husafiri kadiri miguu yake inavyomfikisha. Kundi lililotengwa na jamaa zake kwa mlima, mto au mpaka wa uoto hubadilika polepole kwa njia yake lenyewe. Pierre Basilewsky, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji, ambaye mwaka 1957 alizunguka Afrika Mashariki pamoja na Narcisse Leleup, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kupanga upya mbawakawa hawa wa Afrika, na kazi zake bado ni mahali pa kuanzia kwa yeyote anayeshuku kuwa ameshika kitu kipya.

Kushuku peke yake hakutoshi. Vikopo hufukiwa ardhini hadi ukingo wake ulingane na udongo, wadudu hutumbukia usiku, na kila mmoja huwekewa kibandiko chenye mahali, tarehe na jina la mkusanyaji. Baadaye dume hupasuliwa ili kutoa kiungo chake cha uzazi, kwa maana umbo la kiungo hicho mara nyingi hutenganisha spishi ambazo kwa nje hazitofautiani hata kidogo. Vielelezo vya zamani vilivyohifadhiwa katika makumbusho hulinganishwa na kipya kimoja baada ya kingine, na siku hizi vinasaba navyo husomwa. Jina jipya halitambuliwi mpaka lichapishwe pamoja na maelezo ya tofauti, na kanuni za kimataifa zilizoanza kutumika mwaka 2000 zinadai kitajwe kielelezo kitakachobeba jina hilo, ambacho kwa kawaida ni kimoja kiitwacho holotipu, na mahali kitakapohifadhiwa. Daraja la kundi, yaani kama ni spishi tu, jenasi au zaidi, ni uamuzi wa mtaalamu unaotetewa kwa ushahidi, na mwenzake anaweza kuupinga.

Tanzania ina mfano wa uamuzi wa daraja la juu kuliko wote hao. Mwaka 2001 Oliver Zompro alieleza mdudu wa kale aliyenaswa ndani ya kaharabu ya Baltiki, asiyeingia katika oda yoyote iliyojulikana, oda ikiwa ni daraja lililo juu ya familia. Mdudu aliyefanana naye akapatikana katika makumbusho ya London, dume aliyekusanywa Tanzania mwaka 1950, na mwingine wa Namibia akapatikana Berlin. Mwaka 2002 Klaus-Dieter Klass, Zompro na wenzao walitangaza oda mpya, Mantophasmatodea, oda ya kwanza ya wadudu walio hai kutangazwa tangu mwaka 1914, na mwaka huohuo wadudu hao walikutwa wakiwa hai katika Mlima Brandberg, Namibia. Dume wa Tanzania aliwekwa kwanza katika jenasi moja na yule wa Namibia, kisha mwaka 2003 akapewa jenasi yake mwenyewe, Tanzaniophasma. Alikuwa amekaa ndani ya sanduku kwa zaidi ya miaka 50 bila mtu kujua ni nini, na kilichomrudisha Tanzania kilikuwa kibandiko kidogo kilichochomekwa kwenye pini yake.