eth0 haikupotea

Kerneli ya Linux huzipa kadi za mtandao majina kwa zamu: draiva iliyowahi hupata eth0, inayofuata eth1. Jina hilo halisemi kadi iko wapi wala waya gani umechomekwa. Linasema tu nani aliwahi mashine ilipowashwa mara hii. Ndiyo maana tangu systemd toleo la 197, mwaka 2013, udev hulibadilisha kufuata mahali kadi ilipo. Katika enp3s0, en ni ethaneti, p3 ni basi ya PCI namba 3, s0 ni sloti 0. Kadi iliyo kwenye ubao mama mara nyingi huitwa eno1, na ya Wi-Fi huanza na wl. Kuuliza eth0 imekwenda wapi ni kuulizia zamu ya jana.

Dawa inayopigiwa debe kila mahali ni kuongeza net.ifnames=0 kwenye GRUB “ili mambo yarudi kama zamani”. Yanarudi kweli, pamoja na ugonjwa wake. Kwenye mashine ya kadi moja haidhuru. Lakini chukua ruta ya Linux yenye kadi mbili za draiva tofauti: eth0 inaelekea intaneti, eth1 ofisini, na sheria za ukuta wa moto zimeandikwa kwa majina hayo. Kerneli inasasishwa, draiva ya pili inawahi, majina yanabadilishana. Sheria hupakiwa bila kulalamika, ila sasa zinawazuia wafanyakazi na kuikaribisha dunia nzima. Mtandao ukikatika papo hapo, hiyo ni nafuu. Wajanja wengine huandika kanuni ya kuirudishia kadi jina eth0 kwa nguvu, jina ambalo huenda kerneli imeshaipa kadi jirani. Majina yakigongana, jina halibadiliki, na lawama huangukia systemd.

Hata enp3s0 si ya milele: kuchomeka kadi nyingine ya PCI kunaweza kusogeza namba za basi ikawa enp4s0. FreeBSD nayo haina eth0. Hufuata draiva, kama em0 au re0, hivyo kubadilisha aina ya kadi hubadilisha jina.

La kufanya ni fupi. Orodhesha kwa ip -br link. Endesha ethtool -p enp3s0 na, draiva ikikubali, taa ya kadi itamweka hadi ijulikane ni tundu lipi. Kisha, katika faili /etc/systemd/network/10-lan.link, weka MACAddress= na anwani ya kadi chini ya [Match] na Name=lan0 chini ya [Link]. Jina lisizidi herufi 15, lisianze na eth. Tengeneza initramfs upya, washa upya. FreeBSD inatosheka na ifconfig_em0_name="lan0" ndani ya rc.conf. Mashine pepe iliyonakiliwa kwa kawaida hupewa anwani mpya ya MAC, kwa hiyo faili la .link lirekebishwe kabla ya kuiwasha.