Fahamu: Gesi ya volkano hupimwaje?

Ukiwa Korogwe au Handeni, usiihofie Usambara: ni milima ya miamba mikongwe iliyoinuliwa, si volkano. Volkano hai ni Ol Doinyo Lengai, mkoani Arusha, iliyolipuka kwa nguvu mwaka 2007.

Kwa nini gesi ipimwe?
Magma inapopanda, gesi hutangulia. Kiwango kikibadilika ghafla, wataalamu hupata tahadhari.

Hupimwaje?
Salfa dayoksaidi hufyonza mionzi ya urujuanimno ya jua, hivyo kifaa huikadiria kwa mbali. Kabonidayoksaidi hupimwa kwa vitambuzi karibu na kreta.

Ina hatari gani?
Karibu na Goma, mji ulio jirani na volkano mashariki mwa Kongo (DRC), kabonidayoksaidi hutuama mabondeni na kuua bila harufu. Wenyeji huiita mazuku, jina linalotumiwa hata na wanasayansi wa kigeni. Ukifika huko, usilale bondeni.